Pombe ya Mvuke

Silvana alikuwa anachuja pombe yake, mikono ikimnuka kimea mpaka viwikoni, mumewe Adolfu aliposimama mlangoni mwa jiko na kofia ya Kampuni kichwani. Hakuingia. Alizungumza huku akiutazama ufagio.

"Kile kilima nimeshakitoa."

"Umekitoa kimekwenda wapi?"

"Majani yake, namaanisha. Lori linakuja Alhamisi."

Silvana aliweka kata chini. Alhamisi ndiyo siku aliyoalika watu. Jumapili, misa ilipokwisha, alikuwa amemwomba mwenyekiti wa jumuiya atangaze pale nje ya kanisa, na mwenyekiti akatangaza kwa sauti yake ile ya kuitia ng'ombe: Alhamisi kwa Mama Jane kuna pombe ya ulezi, kila mtu aje na jembe lake. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu maana yake. Mama Jane anapiga ntumba.

Maana Ufipa hakulimwi kama kwingine. Mvua zikikaribia kukatika, nyasi zimefika kiunoni na bado mbichi, Mfipa mwenye akili zake hazichomi wala hazifyeki. Anazigeuza. Jembe linakata bamba la udongo pamoja na nyasi zake, linalilaza kifudifudi, jingine linakuja juu yake, na jingine, mpaka linasimama tuta la mviringo mithili ya mkate wa kulisha ukoo. Hiyo ndiyo ntumba. Humo ndani nyasi zinaoza kiangazi kizima, na msimu ukifika tuta linatawanywa, mbegu inamwagwa, ardhi inakula kwanza ndipo na watu wale. Kazi hiyo ni ya watu wengi kwa siku moja, na watu wengi huitwa kwa pombe. Ukishakunywa pombe ya mtu asubuhi, jembe lako ni lake mpaka jua lishuke. Hakuna karatasi, hakuna mgambo. Ni aibu tu ndiyo inayosimamia.

Kuna kipindi watu waliziona ntumba kuwa kazi ya bibi zao. Ushirika ulikuwa ukileta mbolea, bei yake imeshikwa na serikali, unaibeba kwa baiskeli unaimwaga shambani unaenda zako. Halafu ikaja ruhusa. Ruhusa ya kuuza, ruhusa ya kununua, ruhusa ya kufa njaa bila kuomba kibali. Ruzuku ikaondolewa kwa tangazo la redio, ushirika ukafa ukiwa umesimama, milango yake ikatiwa kufuli yenye kutu, na mfuko wa mbolea ukawa kitu cha kutazamwa dukani Laela kama picha ya mtakatifu: unapita, unaangalia, hugusi. Ndipo waliokumbuka wakarudi kwenye ntumba. Na kilima cha Silvana, hapo juu ya Mollo, ndicho pekee kilichobaki na nyasi za kugeuza.

Vilima vingine vilikuwa vimekwenda Kituoni.

Kituo nacho kina historia yake, na wanaoisahau wanaisahau makusudi. Wageni wa Mradi walipofika kwa mara ya kwanza walikaa na wazee, wakauliza ntumba inaozaje, wakachimbua moja, wakaingiza mkono ndani wakaona ilivyo na joto, wakacheka kama watoto. Wakasema: na sisi tunataka kufanya hivihivi, ila kwa saruji. Matangi makubwa yaliyozikwa nusu ardhini. Humo zitaozea nyasi, mabua na samadi. Gesi itakayotoka itaendesha injini, injini itatoa umeme, na joto la injini halitatupwa, litachemsha maji, mvuke utapita kwenye mabomba kwenda kwenye viwanda vya jirani. Tope litakalobaki litarudi mashambani. "Sisi tunachukua pumzi yake tu," mtaalamu alisema, "mwili tunawarudishia." Watu walipiga makofi. Silvana alipiga. Walichoma matofali msimu mzima, walibeba mawe vichwani, wanawake wenye mimba walibeba mchanga. Kwa muda mambo yakaenda: kinu cha alizeti kikapata moto, kiwanda cha sabuni kikapata moto, na trekta la tope likawa linapita kila kijiji likinuka, na watu wanalifuata wakilishangilia.

Mradi ukaisha. Kituo kikatangazwa kuwa kinabinafsishwa kwa ajili ya ufanisi. Waliochoma matofali wakakusanywa, wakasomewa tangazo, wakaombwa wapige makofi tena. Kampuni ikaingia. Mwaka wa kwanza tope lilikuja. Mwaka wa pili lilikuja kwa waliojuana na dereva. Kisha likaacha kabisa, maana mwenye Kampuni alifungua shamba lake la alizeti ng'ambo ya mji, na trekta likajifunza njia ya huko. Pumzi wakachukua, na mwili wakachukua. Jirani yake Silvana, Rhoda, aliuza nyasi za shamba lake lote, mwaka uliofuata akavuna mahindi ya ukubwa wa kidole gumba. Mpaka leo anayazungumzia kwa utani, kwamba aliyavuna kwa kibano cha nyusi.

"Nimealika watu, Baba Jane," Silvana alisema. "Watakuja na majembe."

"Na mimi nimeahidi. Mimi ndiye wakala wao. Wakala gani atakosa majani ya kwake mwenyewe?"

"Wakala wa kuvaa kofia."

"Cheka. Waya ukifika hapa utacheka na mimi."

Uani palikuwa na nguzo ya umeme. Kampuni iliisimamisha siku Adolfu alipopewa uwakala, ikaahidi waya. Waya haujaja. Silvana alikuwa akiifungia kamba ya kuanikia mashuka.

"Waya utafika tukiwa tumekula nini?" aliuliza. "Kilima kile kisipopigwa ntumba mwezi huu, mwaka ujao hatuna ulezi. Si kwamba tutakuwa na kidogo. Hatuna."

Adolfu akaingiza mkono chini ya kofia akajikuna. "Mfikirie na Jane basi. Matangi yana njaa. Mvuke ukipungua, wa kwanza kufungiwa bomba ni wao wa pombe. Atarudi hapa kupepeta."

Jane alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha pombe ya pakiti, kilichojengwa ukuta kwa ukuta na Kituo, na alikuwa hajaonekana nyumbani tangu Krismasi.

"Akirudi atanikuta na chakula," Silvana alisema. "Wewe atakukuta na nguzo."

Kesho yake alijifunga kitenge, akashuka kwenda Kituoni kwa miguu.

Kituo kilikuwa kimenenepa. Mabomba yaliyovishwa magunia yalitoka kwenye nyumba ya injini yakavuka uwanja juu ya vichwa vya watu, yakigawanyika: moja la sabuni, moja la mafuta, moja la pombe, na kila penye kiungo mvuke ulikuwa ukifoka kama paka aliyekanyagwa. Penye matangi, vibarua walikuwa wakiyamwaga majani kwenye shimo la kulishia. Yalikuwa kidogo. Hata yeye aliona ni kidogo. Majani ya kutoka mbali, mafupi, yenye mizizi na udongo, ya watu wanaong'oa badala ya kukata.

Meneja Timoth alimpokea vizuri. Kijana msafi, mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuhusu kilima."

"Mzee Adolfu ameshaniambia. Tunashukuru sana mama."

"Usishukuru bado. Nipe tope. Lori likija limebeba tope, likalimwaga pale, majani chukueni. Ndivyo tulivyopatana siku ya kwanza."

Timoth alitabasamu kwa huzuni, kama daktari. "Mama, hayo mlipatana na Mradi. Mradi ulishaondoka. Siku hizi tope ni bidhaa."

"Nyasi zangu zilipoingia humo zilikuwa bidhaa?"

"Zilikuwa malighafi."

"Sasa hiyo malighafi ikishakunya kwenu ndiyo inakuwa bidhaa?"

Karani aliyekuwa pembeni alicheka, akajifanya anakohoa. Timoth hakukasirika. "Mama, usinione mgeni. Mimi ni mtoto wa Mwimbi. Bibi yangu kapiga ntumba mpaka mgongo ukapinda. Nataka wajukuu zangu wasizipige. Hivi, nasikia umealika watu? Alhamisi?"

"Nimealika."

"Kwa pombe?"

"Kwani huko Mwimbi mnaalikaje, kwa maji?"

"Hapana, kwa pombe," Timoth alisema, na kwa kitambo akawa kama mtu anayekumbuka utamu fulani wa zamani. "Bibi alikuwa akisema, aliyekunywa amekunywa."

Silvana aliomba kumwona Jane. Akaambiwa yuko zamu, kwenye sufuria kubwa; mvuke ukiwa hafifu namna hii mpishi haachi sufuria hata dakika, uji unashika chini. Alichungulia kupitia dirisha lenye ukungu. Aliona kofia nyeupe nyingi zikiinama na kuinuka katika moshi wa maji. Hakujua ipi ni ya mwanawe.

Alhamisi iliamka na ukungu na baridi ile ya Ufipa inayoingia kwenye meno. Silvana alikuwa juu kilimani na mitungi yake mapema, amewasha moto mdogo wa kuwatoa watu baridi. Wa kwanza kufika alitokea upande wa pili wa kilima, upande usio na njia: mzee Malimi, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake enzi hizo za ruhusa, ambaye nusu ya kijiji ilimlaumu kwa kila kitu, ukame na magonjwa ya kuku pamoja.

"Mayu," alimwita, yaani mama kwa Kisukuma, "shikamoo yako iko wapi, mimi ni mkubwa kuliko wewe."

"Shikamoo, mzee Malimi."

"Marahaba. Nimeleta jembe. Lakini nikwambie kabisa, hizi ntumba zenu za mviringo siziwezi. Nikipiga za pembe nne utanifukuza?"

"Piga hata za pembe tatu, ilimradi nyasi ziende chini."

"Ng'ombe wangu wamekitazama kilima hiki mwaka mzima kwa mate."

"Najua. Nimewafukuza mpaka nawajua majina."

Silvana alichota, akaonja yeye kwanza mbele yake, kama mpishi wa pombe anavyopaswa, kisha akamjazia. Malimi alikunywa, akapangusa ndevu, akateremka mpaka ukingo wa chini akaanza kulima. Wengine walichelewa. Jua lilichomoza, ukungu ukainuka, na bado walichelewa. Kisha sauti zikasikika zikipanda kutoka kanisani, sauti nyingi, zimechangamka mno kwa saa ile.

Rhoda ndiye aliyetangulia. Mkono mmoja alikuwa na pakiti ya pombe iliyonyonywa nusu. Mkono mwingine alikuwa na mundu mpya, mpini wake bado una rangi ya dukani.

"Mama Jane, usinitazame hivyo. Nilikuwa na kiu."

"Jembe lako liko wapi?"

"Limebaki kwenye lori. Wanatunza. Wanasema tukimaliza wanatupa."

Nyuma yake walikuja watu kama kijiji kizima, pakiti mikononi, mundu mabegani. Lori la Kampuni lilikuwa limesimama njia panda ya kanisani tangu alfajiri, likimgawia pakiti na mundu kila apitaye na jembe. Na walikuwa wamekunywa. Kijana mmoja, Felisiani, mtoto wa mdogo wake Adolfu, aliinua pakiti yake juu.

"Mama mkubwa, pole! Yako umechuja kwa kikapu, hii imechujwa kwa mashine. Haina hata nzi!"

Watu wakacheka. Nyuma yao lori lilikuwa likipanda polepole likiguna, Adolfu amesimama juu nyuma, Timoth mbele karibu na dereva. Timoth alishuka, akawasalimia, akaonyesha kilima kwa mkono wote kama padri anayebariki. "Ndugu zangu, mmekunywa. Kazi hii hapa."

Wakaanza kujipanga mstari. Hapo ndipo Silvana alipoona jambo lililomchoma kuliko yote: hawakuwa wakimwonea. Walikuwa wakitii. Walichofundishwa na mama zao ndicho walichokuwa wakikifanya, wamekunywa, wanafanya kazi. Kampuni haikuwa imewanunua, ilikuwa imewachotea. Nyasi za mashamba yao ziliingia kwenye tangi, zikatoa moto, moto ukatoa mvuke, mvuke ukapika pombe, na pombe imekuja kuwachukua wakakate nyasi za mwisho. Wao wenyewe walikuwa ndani ya bomba hilo.

Alipanda juu ya jiwe.

"Hiyo pombe kaipika nani?"

"Kampuni," sauti ilijibu.

"Kampuni ina mdomo? Nani kaiona ikionja?"

Waliinamia pakiti zao.

"Nauliza. Rhoda, mama yako alipopika, nani alionja kwanza?"

"Yeye mwenyewe," Rhoda alisema, taratibu.

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Halafu?"

"Halafu anasema shamba ni lile."

"Haya. Hiyo mliyokunywa imeonjwa na nani? Mpishi wake jina lake nani, mama wa nani, shamba lake lipi? Mimi pombe yangu ile, jina langu mnalijua, nimeionja mbele ya mzee Malimi, muulizeni. Lakini hiyo ya mfuko? Mtu akikutupia kitu njiani ukakiokota, umekuwa mtumishi wake? Pombe isiyoonjwa na mpishi wake haimfungi mtu. Mmekunywa maji ya barabarani, ndugu zangu. Mkojoeni, mje mlime."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha upande wake. Mzee mmoja akasema, "Hapo kweli." Mwanamke wa nyuma akalaza mundu wake kwenye nyasi. Rhoda akalaza wake. Watu wakatazamana kama watu walioamshwa, na Felisiani akatema kile alichokuwa nacho kinywani, akaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona.

Silvana aliona anashinda. Na kwa kuwa aliona anashinda, alikwenda hatua moja zaidi.

"Nasema hivi! Aje mpishi wake hapa, aonje mbele yetu, atuonyeshe shamba lake kwa kidole. Akifanya hivyo, wa kwanza kushika mundu ni mimi! Mbele yenu wote, ni mimi!"

Timoth hakubishana. Alirudi kwenye lori, akagonga mlango wa mbele kwa fundo la kidole, mara moja, kwa adabu.

Aliyeshuka alikuwa Jane.

Alivaa koti jeupe la kiwandani na mabuti, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu bichi la kuunguzwa na bomba, refu, limeng'aa. Kumbe Timoth alimleta makusudi, ili wanakijiji wamwone kuwa ni wao na wapokee pakiti kwa moyo mweupe. Huenda hakujua atamhitaji kwa zaidi ya hapo. Lakini mtoto wa Mwimbi alikuwa amesikiliza vizuri maneno yale ya juu ya jiwe, na aliyaelewa kuliko alivyotaka Silvana ayaelewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Silvana alijibu, maana neno hilo linajitokea lenyewe.

"Pakiti hizi ni za zamu yangu. Mimi ndiye niliyepika."

"Jane."

"Nimepika mimi, mama. Umeuliza."

Alichukua pakiti kwenye kreti, akairarua kwa meno, akainywa mbele ya watu wote bila kupumzika, akapangusa mdomo kwa mkono ule wenye kovu. Hapakuwa na aliyecheka. Mzee yule aliyesema "hapo kweli" alikohoa.

"Na shamba?" aliuliza. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo inavyoulizwa.

Jane alimtazama baba yake. Adolfu alikuwa ameivua ile kofia, ameibana kifuani kama mtu aliye mazikoni.

"Hili," Jane alisema, akanyoosha kidole.

Na lilikuwa lake. Hilo kila mtu alilijua, kwa kuwa walikuwapo. Siku Jane alipopata kipaimara, ndugu wa pande zote mbili wamekaa na sahani mapajani, Silvana mwenyewe alisimama akasema kilima kile ni cha mwanawe, asije akakosa mahali pa kurudi. Sasa alikuwa amerudi.

Silvana alishuka kwenye jiwe. Akamsogelea binti yake karibu, kiasi cha kunusa kimea kwenye koti lake, harufu ileile ya jikoni kwake.

"Unajua zikienda hizi mwaka ujao hakuna kitu."

"Najua."

"Wewe umelelewa na ntumba za hapa."

"Mama, matangi yakikauka, bomba letu linafungwa Jumatatu. Wametuambia. Wanawake wote wa pombe tunatoka. Nikija kwako Jumatatu nitakula nini?"

"Utasubiri ntumba."

"Mwaka ujao. Mimi nakula leo."

Sauti haikuwa ya jeuri. Ingekuwa ya jeuri, Silvana angempiga kofi na mambo yangekuwa mepesi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, anayesema kile kilichopo. Hawa ndio watoto waliolelewa na ruhusa, wameambiwa kila mtu ajitafutie, na wamejitafutia, na walichokipata ni kushindana na mama zao kwa majani.

Watu walisubiri. Silvana angeweza kula maneno yake, asitende alichosema. Nani angemlaumu? Kampuni iliyala ya kwake kila siku, kwa mhuri na saini, na hakuna mvua iliyokosa kunyesha kwa sababu hiyo. Waziri aliyekuja kufungua Kituo alikula ya kwake kabla hajafika uwanja wa ndege. Lakini Silvana alijua alichokuwa amekishika asubuhi ile. Hakuwa na lori, hakuwa na mgambo, hakuwa na kreti. Alikuwa na neno la mama zao tu, kwamba aliyekunywa anafanya kazi na aliyesema anatenda, na kwa neno hilo peke yake nusu ya kijiji ilikuwa imelaza mundu. Akilivunja yeye, mwaka ujao hata akipika mitungi ya kujaza kanisa, hakuna atakayeitwa akaitika.

Aliinama. Akaokota mundu wa Rhoda kwenye nyasi.

"Mama Jane, acha," Rhoda alisema. "Basi. Tumeona."

"Umekunywa hukunywa?"

"Nimekunywa."

"Katafute mundu mwingine."

Akakata. Alishika nyasi kwa mkono wa kushoto, akapitisha mundu chini kabisa, karibu na ardhi, akalaza fungu. Akashika nyingine. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wakainama. Hawakuimba. Kwenye kazi ya pombe watu huimba. Ilisikika mikwaruzo ya mundu tu, na Timoth akiwaelekeza vibarua jinsi ya kupanga mafungu ili lori libebe zaidi, na mara mojamoja Felisiani, ambaye hakuweza kukaa kimya hata kwa dawa, akiuliza kama kuna pakiti nyingine zimebaki.

Malimi alikuwa amepanda kutoka chini, jembe begani, ana matope mpaka magotini.

"Mayu, sijaelewa. Na mimi niache?"

"Wewe umekunywa ya nani?"

"Yako."

"Basi kalime."

"Peke yangu?"

"Umekunywa peke yako."

Mzee alitikisa kichwa. "Nyinyi Wafipa," alisema, "mna sheria ngumu kuliko za ng'ombe." Akarudi chini. Aliliinua jembe juu, likashuka, bamba la udongo likageuka na nyasi zake, akalikandamiza kwa kisogo cha jembe. Ntumba zake zilikuwa za pembe nne kweli, mbaya, zimekaa kama masanduku.

Kufikia mchana kilima kilikuwa kimebadilika rangi. Lori lilikwishaondoka limejaa, likarudi tupu, likaanza kujaa tena. Upepo ulikuwa ukiziviringisha pakiti tupu kati ya visiki vya nyasi. Mitungi ya Silvana ilikuwa pale pale kwenye majivu ya moto, imefunikwa. Kwa aibu hakuna aliyeigusa, hata waliokuwa na kiu. Adolfu alikuwa akifunga mafungu kwa kamba, na kila mkewe alipopita karibu alijifanya kamba imemshinda.

Katikati ya kilima, Jane alisimama mbele ya mstari, kama mwenye shamba anavyosimama kuonyesha mipaka ya kazi. Koti lake lilikuwa limejaa mbegu za nyasi. Hakuwa akimtazama mama yake, ila kila Silvana alipoinua mgongo alimkuta ameelekea upande wake.

Walibakisha kipande cha chini. Kwa upande mmoja kulikuwa na safu ya wakataji, kwa upande mwingine mzee Malimi na masanduku yake ya udongo, na katikati nyasi zimesimama zinayumba. Silvana alinyooka. Akapangusa mundu kwenye kitenge, akauliza kama kila mwalikwa anavyomuuliza mwenye pombe, kwa heshima yote, bila tone la dhihaka, na kwa sababu hiyo watu wote waliacha kukata:

"Mwenye shamba, tunakata mpaka wapi?"

Jane alimtazama Timoth, na Timoth akamtazama dereva, na dereva akaonyesha kwa mikono kwamba lori bado lina nafasi.

"Mpaka alipofika mzee Malimi," Jane alisema. "Kilicholimwa kimelimwa."

Malimi alisikia. Akatema mate viganjani, akakamata mpini, akaanza kulima kama mtu anayefukuzwa, udongo ukiruka mpaka kwenye ndevu zake. Na Silvana, ambaye alikuwa ametoa neno lake, akainama akamjia akikata, na hakupunguza mwendo.